Picha tatu za mama wa Ntinda, na namba ya babu

Mvua inanyesha, umeme umekatika, mashine zote kimya na bosi ameenda kula, kwa hiyo nina kama saa moja na simu yenye chaji ya kutosha. Wiki ya pili hii natembea na picha tatu kichwani. Acha nizitoe.

Kwa ambaye hajafika, Nasser Road ni ile barabara ya Kampala ambayo ukitaka kitu chochote kichapwe unaenda hapo, kadi za harusi, vitabu vya risiti, stika za boda, kalenda za mbunge, na zile posta kubwa za kina Saddam na Gaddafi na marais na mawaziri wao ambazo zinapelekwa mpaka vijijini kubandikwa saluni na kwenye vibanda vya chapati. Mimi niko hapo miaka kumi na moja sasa. Nilianza kwa kukata karatasi, sa hivi nakaa kwenye mashine, na nyuma ya duka tuna kona ndogo ya fremu ambayo ni ya kwangu zaidi manake hakuna mwingine mwenye subira ya kukata kioo. Kwetu picha haina hesabu. Unafunga pleti zako nne, bluu, ile nyekundu, njano na nyeusi, alafu unachapa mpaka mteja aseme basi au pesa yake iishe, na posta ya elfu tano ni sawa tu na ya kwanza, tena ya kwanza ndo mbaya kwa sababu rangi zinakuwa bado hazijakaa.

Sasa akaja mama mmoja na bomba refu la karatasi ngumu kwapani. Ni mtu mzima, amekaa San Francisco miaka mingi akitunza wazee, amerudi juzijuzi kwenye nyumba yake aliyojenga Ntinda. Amekulia Tororo, kule mpakani na Kenya, kwa hiyo Kiswahili anacho, na akiona nachanganya na Luganda ananikemea kabisa. Akafungua lile bomba mezani akaniambia, mwanangu, nawa mikono kwanza. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaenda kunawa.

Zilikuwa chapa tatu, karatasi nzito ya pamba, ile ukiishika unajua hii haijapita Nasser Road. Zote zinaonyesha maisha ya Wachina walioenda Marekani zamani, karne ile ya kumi na tisa mpaka mwanzo wa ya ishirini. Na chini kwenye ukingo mweupe, kushoto, kwa penseli kabisa, imeandikwa 212/350, na kulia sahihi ya mchoraji, nayo inasomeka kama dawa iliyoandikwa na daktari. Mimi hizo namba nilikuwa nimezisikia ila sikuwahi kuzishika. Maana yake zimechapwa 350 tu na hii ni ya 212, basi, hamna ya 351. Ukikuta wameandika A/P ujue ni zile chache mchoraji alizojiwekea mwenyewe. Namba ndo bei, mama akasema.

Bosi alipoziona akaja kunong'ona sikioni, hizo tuskani usiku, tuchape mia mbili, hoteli za Wachina hapa mjini zitanunua zote. Na kusema ukweli mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafikiria, msinione malaika. Kilichonizuia kwanza kilikuwa kile kitendo cha mama kunituma kunawa mikono. Alafu nikaanza kuziangalia vizuri, na ukishaangalia vizuri inakuwa ngumu.

Niwaambie ya kwanza. Mlima wa theluji, mwamba wa kijivu, tundu jeusi kama mdomo, ndo mahandaki ya reli hayo, na wanaume kama ishirini wamevaa kofia pana, wengine wanapiga patasi ya chuma kwenye mwamba kwa nyundo, wengine wanasukuma kifusi, na pembeni kijana mdogo amebeba mzega, pipa huku na pipa huku, mvuke unatoka. Nikamuuliza mama, maji ya moto? Akasema chai. Nikaenda kusoma usiku na ni kweli, Wachina walikuwa wanakunywa chai, maji yaliyochemshwa, wakati wenzao wazungu wanakunywa maji ya mtoni moja kwa moja na kuhara. Wanaletewa kazini na kijana wa mzega. Yaani mchoraji ameweka ule mvuke kwa rangi kidogo sana nyeupe lakini jicho lako linarudi hapo kila saa.

Ile ni reli ya Central Pacific, ilianzia Sacramento, California, mwaka 1863, ikitakiwa kuvuka milima ya Sierra Nevada ikakutane na nyingine inayotoka mashariki. Wafanyakazi wazungu walikuwa wanakimbilia migodi, kwa hiyo kuanzia 1864 na 1865 kampuni ikaanza kuajiri Wachina, wengi wao vijana wa mkoa wa Guangdong, na idadi ikapanda mpaka elfu kumi na zaidi. Walichonga granite, mwamba mgumu kweli, inchi kwa inchi. Handaki la kileleni peke yake ni kama mita 500 na walilipiga kutoka pande mbili na kutoka katikati pia, wameshuka kwa shimo, majira ya baridi ya 1866 kuingia 1867, theluji imewafunika mpaka wanatembea kwa vijia walivyochimba chini yake, kambi nyingine zilifagiliwa na maporomoko wakakutwa theluji ilipoyeyuka. Mshahara wao ulikuwa chini ya wa mzungu na chakula wanajinunulia, mzungu anapewa. Juni 1867 maelfu wakaweka nyundo chini, wakadai dola 40 kwa mwezi na saa zipunguzwe. Hawakupiga mtu, walikaa kambini tu. Mkubwa wa ujenzi, Charles Crocker, akakata chakula kisipande mlimani, baada ya kama wiki moja wakarudi kazini.

Hapo ndo nikamkumbuka babu.

Sisi ni watoto wa kota za reli, ndo maana nyumbani tunaongea Kiswahili na watu wanatuuliza nyie ni Wakenya, hapana, ni reli tu. Babu alikuwa kwenye genge, alifanya kazi ile njia ya magharibi ya kwenda Kasese, iliyofunguliwa 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Alikuwa anatusimulia mafunjo, kwamba unamwaga mawe kwenye kinamasi leo, kesho yamezama, unamwaga tena, na kuweka mataruma huku miguu iko majini. Lakini kitu alichokuwa anakirudia sana akishakunywa kidogo ni siku ya mshahara. Hakuna aliyekuwa anaitwa jina. Walikuwa na vibati vya shaba vyenye namba, namba inaitwa, unapanda mbele, unaonyesha kibati, unapewa pesa yako, unashuka. Alikuwa anasema, mimi reli imenijua miaka ishirini na mbili na hainijui. Kibati chake mimi ninacho. Namba 3318.

Na wale wa Sierra ndo mbaya zaidi. Kwenye vitabu vya mishahara vya kampuni wengi hawaonekani mmoja mmoja, linaandikwa jina la mkuu wa genge au wakala, pesa anapewa yeye awagawie wenzake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wametafuta miaka na miaka barua hata moja iliyoandikwa na mfanyakazi wa reli ile kwa mkono wake, huku na China, hawajaipata. Watu elfu kumi na kitu, hakuna barua moja. Alafu mimi nimeshika karatasi ambayo yenyewe ina namba yake, 212, na mchoraji wake ameweka sahihi, na mle ndani kuna wanaume ishirini sura zao zimechorwa mpaka kovu la shavuni, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Nilikaa na hiyo kitu muda mrefu mpaka chai yangu ikapoa.

Neno lenyewe, kuli. Sisi tunalo, kuli ni mchukuzi wa bandarini, hamna anayejiuliza limetoka wapi. Ni hilohilo walilokuwa wanawaita Wachina wa California, na Wahindi walioletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa 1896 mpaka ilipofika Kisumu 1901. Hao waliletwa kama 32,000 na karibu 2,500 walikufa, ila ukiuliza hapa kuhusu reli ile utaambiwa simba wa Tsavo waliokula wajenzi. Simba wanajulikana!

Kuna picha moja maarufu sana ambayo inaeleza kwa nini watu wanachora haya mambo leo. Tarehe 10 Mei 1869 reli mbili zilikutana Promontory, Utah, Andrew J. Russell akapiga picha, injini mbili zimekaribiana pua kwa pua, wanaume wamejaa, chupa zinainuliwa, na Wachina ni kama hawapo. Wakati siku chache tu kabla, Aprili 28, genge lao pamoja na Waairishi walikuwa wametandika maili kumi za reli kwa siku moja. Mpiga picha Corky Lee wa New York alikerwa na picha hiyo toka akiwa shule, na 2014 akakusanya vizazi vya hao Wachina palepale Promontory akawapanga mbele ya injini akaipiga upya. Na wachoraji wanafanya hivyohivyo kwa brashi. Kuna Mian Situ, amezaliwa Guangdong 1953, amesomea sanaa Guangzhou alafu akahamia Amerika, huyo ndo amechora sana hawa watu wa reli na wanaoshuka melini San Francisco, na chapa za idadi maalum za kazi zake zinauzwa mpaka leo. Kabla yake kulikuwa na Jake Lee, mtu wa rangi za maji, mzaliwa wa Monterey, aliyechora historia hiyohiyo kwa ajili ya mkahawa mmoja wa Chinatown, watu wanakula huku babu zao wanawaangalia ukutani.

Lakini nisiwadanganye, mchoro nao unadanganya. Kuna ile hadithi ya Wachina wananing'inizwa kwenye vikapu juu ya korongo wanatega baruti, wachoraji wanaipenda kufa, kila mtu anaichora, na wanahistoria wamebishana nayo sana manake maandishi ya wakati ule hayana vikapu hivyo. Kwenye picha ya mama hamna kikapu, nikafurahi. Na hata kamera usiiamini, Arnold Genthe alipiga Chinatown ya San Francisco kabla ya tetemeko la 1906, picha nzuri mno, ila alikuwa anafuta mabango ya Kiingereza na kuwakata wazungu ili mtaa uonekane wa Kichina zaidi ya ulivyokuwa. Hiyo ni Nasser Road kabisa, sisi tulishamtoa mume wa kwanza kwenye picha ya harusi tukaweka wa pili, mteja akalipa.

Picha ya pili ya mama ni dobi. Duka la mbao, mtu mmoja anapiga pasi, mashati yananing'inia kama watu, mtoto amelala juu ya rundo la nguo. Hii nilidhani ni ya urembo tu. Kumbe Wachina waliingia kwenye udobi kwa sababu migodini walifukuzwa kwa kodi na kwa ngumi, na kufua hakuhitaji mtaji mkubwa. San Francisco 1880 ikatunga sheria ndogo, dobi kwenye jengo la mbao lazima upate kibali, na karibu madobi yote yalikuwa ya mbao. Wazungu walioomba wakapewa, Wachina wakanyimwa wote. Mmoja ambaye alikuwa kwenye kazi hiyo miaka 22 akakataa kufunga, akafungwa yeye, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na 1886 akashinda, majaji wakasema sheria ikiandikwa sawa lakini ikatumika kwa jicho baya na mkono wa upendeleo bado ni ubaguzi. Kesi inafundishwa mpaka leo, inaitwa Yick Wo. Ambalo ni jina la dobi! Ni duka lake. Mwenyewe alikuwa anaitwa Lee Yick. Yaani hata wa kushinda kesi kaingia kitabuni kwa jina la kibao cha dukani.

Nikamsimulia mama aliporudi kulipa nusu, akasema na wewe umekuwa wakili sasa. Alafu akanyamaza kidogo, akaangalia juu kwenye dari, akasema, haya majengo ya huku unajua yalikuwa ya nani. Najua. Kila mtu anajua. Agosti 1972, Amin aliwapa Wahindi siku tisini waondoke. Yeye alikuwa msichana Tororo na rafiki yake wa darasani, mtoto wa muuza vitambaa, aliondoka na sanduku moja. Wamarekani walipitisha yao 1882, vibarua wa Kichina marufuku kuingia, kwanza kwa miaka kumi, ikaongezwa, ikaongezwa, mpaka 1943 ndo wakaifuta, na hata hapo wakaruhusu Wachina 105 kwa mwaka. Mia moja na tano. Kumbe binadamu nao wana toleo lenye idadi. Hatukuendelea na hayo maongezi, mama alibadilisha akauliza fremu nyeusi au ya mbao ya asili. Nikamwambia ya asili.

Ya tatu ndo ninayoipenda. Ni Angel Island, kisiwa ndani ya ghuba ya San Francisco, ambapo kuanzia 1910 mpaka 1940 wahamiaji, wengi Wachina, walikuwa wanazuiliwa na kuhojiwa. Chumba cha mbao, vitanda vya ghorofa tatu, nguo kwenye kamba, na mtu mmoja amegeukia ukuta anachonga herufi kwa kisu. Walikuwa wanachonga mashairi. Yakapakwa rangi juu yake mara kadhaa, yakasahaulika, 1970 jengo linataka kubomolewa ndo askari mmoja wa hifadhi akayaona kwa tochi. Yako zaidi ya 200. Mengi hayana jina la mwandishi, mnajua kwa nini? Majina yalikuwa shida. Tetemeko la 1906 na moto wake uliteketeza kumbukumbu za vizazi vya jiji, basi mtu yeyote angeweza kusema mimi nilizaliwa hapa, na ana watoto wanne China, na hizo nafasi za watoto zikauzwa kwa wasio watoto wake. Wana wa makaratasi. Unanunua jina, unanunua na daftari la majibu, unalikariri melini alafu unalitupa baharini kabla hujafika, manake maofisa walikuwa wanauliza, nyumba yenu ina ngazi ngapi, kisima kiko upande gani, jirani wa tatu anaitwaje, na kama baba yako wa makaratasi amejibu tofauti unarudishwa. Wengine walikufa na majina ya kununua, wajukuu ndo wanagundua sa hivi.

Sasa mtu wa Kampala asinicheke hapo. Nani hapa hajakaririshwa majibu kabla ya kwenda ubalozini? Nani hajawahi kwenda kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, kuombewa barua kwamba huyu ni mtoto wa kaka yangu wakati ni mtoto wa jirani? Mama alicheka mpaka akakaa. Hakuniambia yeye aliingiaje na mimi sikumuuliza.

Sasa kuhusu kuskani. Nilikuja kujua kwamba chapa kama hizi siku hizi nyingi ni jiklei, yaani inkjeti ya hali ya juu, wino wa pigmenti, karatasi ya pamba. Hamna pleti. Zamani kwenye lithografia au mbao, toleo likiisha mchoraji anachora msalaba kwenye jiwe au anaharibu ubao, hakuna tena. Hapa kwetu Fred Mutebi anachapa kwa ubao mmoja anaouchonga kidogo kidogo, rangi ya kwanza anachapa karatasi zote, anachonga zaidi, rangi ya pili, mpaka mwisho ubao umeisha, ukikosea umekosea zote na hata akitaka kurudia hawezi. Hiyo naielewa, ubao wenyewe unakulinda. Lakini jiklei faili iko kwenye kompyuta, mtu anabonyeza tu, kinachozuia ya 351 ni kwamba mtu alisema hatachapa. Basi. Ni neno la mtu. Kwa mtu wa Nasser Road hiyo ni kama muujiza, na mimi sikutaka kuwa ndo mwenye kuchapa ya 351 kwa mgongo wa watu ambao hata kwenye kitabu cha mshahara hawakuandikwa. Nikamwambia bosi skana ina shida. Akaniangalia. Anajua skana haina shida.

Fremu nimezifanya kama inavyotakiwa kwa mara ya kwanza maishani, karatasi isiyo na asidi nyuma, kadi ya kuzungushia ili kioo kisiguse wino, sikupaka gundi hata tone, nimeishika kwa vipembe vya karatasi. Mbao ikabaki kipande. Nikatengeneza fremu ndogo kama kiganja, nikaweka kile kibati cha 3318, na chini yake kwa penseli nikaandika jina la babu lote, la nyumbani na la ubatizo na la ukoo, penseli ile ile. Kioo chake bosi amenikata kwenye mshahara, sawa tu.

Mama kama unasoma hii, mbili ziko tayari. Ile ya Angel Island kioo kilipasuka nikikibana, picha haijaguswa, naapa, Ijumaa ntakuwa nayo. Umeme umerudi.